Kuinama Kabla ya Kuwasha

Baba alikuwa na desturi moja iliyotuchelewesha shule miaka yote. Akishaingia kwenye gari lake jeupe, kabla hajagusa ufunguo, aliinama mpaka paji la uso likafika kwenye usukani, mkono wa kulia ukashuka chini karibu na goti, akatulia hivyo. Mama alitugeukia sisi wa nyuma, kidole mdomoni: baba anasali. Siku moja nilicheka, nikachapwa. Nilikua nikiamini kwamba gari lile linatumia petroli na maombi, nusu kwa nusu.

Baba alipofariki, gari lilibaki uani kwetu Temeke mwaka mzima, kuku wakawa wanataga chini yake. Kaka yangu mkubwa akapata mnunuzi wa chuma chakavu. Mama hakubishana naye. Alisema tu kwamba Jumapili ya kumbukumbu ya mwaka mmoja anataka kwenda kanisani kwa gari la mumewe. Kaka akatoa hukumu: lisipowaka kufikia Jumapili asubuhi, Jumatatu linakwenda kukatwa. Kisha akarudi kwake Mwenge, ufunguo akaniachia mimi, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kosa langu lilikuwa kulia liliposemwa neno "kukatwa".

Jumamosi nikaweka betri mpya na petroli mpya, nikazungusha ufunguo. Stata ikalia kwa nguvu zake zote. Injini kimya. Nikarudia mpaka mkono ukauma, na kabla sijashuka, wanaume watatu walikuwa wameshafika uani. Mjini hapa ukiumwa wewe, utakwenda hospitali peke yako kwa bodaboda. Gari likiumwa linapata jopo zima la madaktari.

Wa kwanza alikuwa fundi wa mtaani, aliyefungua boneti na kushusha pumzi kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Plagi hazipati moto, sista. Waya zimechoka. Hapa ni kufumua gari zima."

Wa pili, seremala wa Keko, aliligonga kila mahali kwa kifundo cha kidole, kama anayechagua mbao, akasema petroli haipandi. Wa tatu alikuwa mzee mstaafu wa kivuko cha Kigamboni. Baadaye nilikuja kujua kwamba kazi yake kule ilikuwa kukata tiketi, lakini siku hiyo alizungumzia injini utadhani amezizaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo ni choki, wala msihangaike."

"Fundi," nikasema, "kama moto haufiki kwenye plagi, si tufuate waya tuone unakatikia wapi?"

"Sista, ishu za gari hizi tuachie sie. Hebu tuletee maji ya kunywa kwanza."

Nikawaletea. Ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba niliwaletea, na barafu nikatia. Jioni kabureta ilikuwa imetandazwa juu ya mkeka kama dagaa. Waliporudisha kila kitu mahali pake, skrubu moja ikabaki. Fundi akaitia mfukoni, akasema hiyo ni ya ziada, kiwandani huwa wanazidisha.

Jumapili asubuhi Mama alitoka amevaa kitenge chake kipya, mkoba mkononi, akaenda kukaa kiti cha mbele cha gari bovu kama kwamba dereva anakuja. Kaka alishapiga simu mara mbili. Jopo nalo lilikuwa limesharudi, hoja zilezile. Mama akawasikiliza kidogo, akatoa kichwa dirishani.

"Nyie tangu jana mnafungua na kufunga. Kuna aliyesali?"

Akaninyooshea kidole.

"Baba yake hakuwashaga hili gari bila kusali. Mwanangu, ingia. Fanya kama baba yako."

Mzee wa kivuko akavua kofia. Fundi akafumba macho. Seremala, ambaye ni Mwislamu, akafungua viganja vyake kuomba dua. Niliingia nikiwa na aibu na hasira. Nilimkasirikia hata marehemu. Sala sikuwa nayo, kwa hiyo nikamuiga tu: paji kwenye usukani, mkono wa kulia chini karibu na goti. Vidole vikagusa kitufe kidogo kilichojificha chini ya dashibodi. Nikakibonyeza. Tik.

Nikazungusha ufunguo. Gari likanguruma, moshi mweusi ukamfunika mzee wa kivuko.

"Si nilisema choki!" akapiga kelele humo ndani ya moshi.

"Ni zile waya nilizotingisha," akasema fundi. Seremala akaonyesha mahali alipogonga.

Niliondoa gari bila kuaga. Swichi ya wezi! Baba, mtu asiyemwamini hata mlinzi wa kanisa, aliweka kitufe cha siri cha kukata moto, na hakumwambia hata mkewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yetu tulikuwa tumeshaizika. Na mimi nilichapwa kwa kucheka!

Tulipoingia barabara ya lami nikashindwa kuvumilia.

"Mama, Baba hakuwa anasali. Kuna swichi ya wezi hapa chini."

Mama alitazama mbele, mikono juu ya mkoba. Nikajuta. Nikaona nimemuua Baba mara ya pili.

"Wewe umeibonyeza kwa muda gani?" akauliza.

"Mara moja tu. Tik, basi."

"Baba yako alikuwa anakaa huko chini mpaka mnachelewa shule."

Nikaendesha mpaka kanisani.

Kaka alikuwa amesimama getini, simu mkononi, akilitazama gari kama mtu aliyeona mzimu. Mama akashuka. Nikazima injini, nikainama kurudisha swichi mahali pake. Tik. Nilitaka kuinuka, nikashindwa. Nilibaki na paji langu pale lake lilipokuwa likikaa, machozi yakinidondokea magotini.

"Mama, mbona hashuki?" nikamsikia kaka. "Ibada inaanza."

"Mwache," Mama akasema. "Anazima gari."