Siku Niliyokufa Mbele ya Halmashauri

Naomba ieleweke mapema kwamba mimi sikuomba kuwa maiti. Niliomba kuwa mwenyekiti wa kijiji, nikanyimwa. Nikaomba kuwa mchungaji, nikaambiwa sura yangu haina upako. Mwisho mama wa kikundi chetu, fundi cherehani wa Kabasa pale Bunda ambaye ndiye alikuwa anatufundisha kuigiza, akanitazama tumbo, akasema, "Wewe utakuwa marehemu. Kazi yako ni kulala tu, na kulala unajua." Wenzangu wakacheka. Nilinuna mpaka jioni.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mzee mwenye ng'ombe wengi anayejifanya amekufa ili asikie ndugu watakavyogawana mali. Mke analia, mashemeji wanalia, halafu ndugu wanaanza kugombania ng'ombe hapohapo pembeni ya maiti, na mzee anaamka kuwatukana. Kwa hiyo maneno nilikuwa nayo, ila yote yalikuwa mwishoni. Kabla ya hapo ni shuka mpaka usoni na kubana pumzi.

Tulikuwa tumeomba fedha halmashauri, za ngoma, pazia na spika, na za kuzunguka shuleni kufundisha watoto maigizo. Maombi yakapita ngazi zote yakaja kukwama kwenye ukaguzi. Siku hizi wanaogopa vikundi hewa, vile vyenye katiba na muhuri, lakini ukienda kuvitafuta unakuta banda la kuku. Sasa wakaguzi walipokuja mara ya kwanza hawakukuta mtu, maana wote tulikuwa Musoma tunapiga ngoma kwenye harusi ya watu ili tupate chochote. Tukapewa siku nyingine moja, tukaambiwa wazi: msipoonekana na hiyo, mnaandikwa hewa, na fedha inakwenda kwa wafuga nyuki.

Sina ugomvi na nyuki, ila iliniuma sana. Miaka yote mama yangu kule Mugango alikuwaga ananiuliza lini nitaacha michezo ya kitoto nirudi kuanika dagaa. Hajawahi kuja kutuona hata siku moja. Ningemwambia nini sasa, kwamba hata serikali imekagua ikaona sipo?

Siku ya ukaguzi tulikuwa tumehamia kwenye uwanja mpana wa kaka yake yule fundi, na wakaguzi tumewaelekeza huko, mtaa ambao hakuna aliyetujua. Mama wa kikundi akatoa amri moja mpya. "Leo sitaki kilio cha kudeka. Nataka kilio kifike stendi." Amri ya pili tulikuwa nayo tangu zamani: mtazamaji akishaingia, mchezo haukatwi, liwalo na liwe. Tuliwahi kucheza Butiama, mbuzi akala kofia ya mchungaji, na mchungaji akaendelea na sala.

Basi nikalala kwenye mkeka, nikafunikwa, na wanawake wakaangua kilio kabla hata wakaguzi hawajafika, eti wapashe koo moto. Na walilia kweli. Mke wangu wa mchezo alikuwa na sauti ile ambayo hata mimi niliye chini yake nilihisi nimekufa kweli.

Kwetu ukisikia kilio huulizi nani kafa. Unafunga kanga, unabeba ulichonacho, unakwenda. Jina la marehemu utalijua hukohuko. Haukupita muda nikasikia kuni zinatupwa chini, mtu anauliza mafiga yako wapi, mwingine anasema ameleta unga wa muhogo na sufuria kubwa. Waigizaji wetu walipoona watu wanaingia wakajua ndio watazamaji hao, wakazidisha kilio. Majirani kusikia kilio kimezidi, na wao wakalia. Mimi mle chini nilivimba kichwa. Nilidhani ni mimi ninayecheza vizuri.

"Mtu mnene hivi, amekufaje?" mama mmoja akamuuliza mwenzake juu ya kichwa changu.

"Ndio hao wanaoendaga ghafla," mwenzake akajibu.

Hapo ndipo nilipoanza kupata wasiwasi. Halafu gari likasimama nje, milango ikafungwa, nikasikia viatu vinavuliwa pembeni ya mkeka. Walikuwa wawili: mama afisa maendeleo ya jamii, mwenye sauti ya mikutano, na kijana wa utamaduni aliyemfuata nyuma.

"Poleni sana wafiwa," mama afisa akasema.

"Tumeshapoa, mama," mke wangu akajibu, na akalia upya. Fundi wetu alikuwa nyuma ya pazia la mlango ameshika ngoma. Baadaye aliniambia alifurahi, akasema moyoni kwamba hawa maafisa wamesomea sanaa, ona wanavyoingia ndani ya mchezo.

Mimi peke yangu ndiye niliyesikia walichonong'onezana.

"Mama, tuwaulize habari za kikundi?" kijana akasema.

"Una akili kweli wewe? Unamkagua mfiwa? Tukae kidogo, tutoe rambirambi, twende zetu. Tutaandika hatukukuta kikundi."

"Si wataandikwa hewa, mama?"

"Sasa tufanyeje. Wamefiwa. Wataomba tena mwaka mwingine wa fedha."

Mwili ulinipoa kuliko wa maiti yenyewe. Nikaona nyuki wanakula ngoma zetu. Nikaona mama yangu ananikabidhi chekeche la dagaa. Lakini zamu yangu ya kuamka ilikuwa bado kabisa, ndugu hawajafika hata kwenye ng'ombe. Nikachezesha kidole cha mguu ili angalau mtu ashtuke. Bibi mmoja akakifunika taratibu, akasema viungo bado vinalegea. Nikamnong'oneza mke wangu aliyekuwa ameniegemea kifuani, "Ruka kilio, nenda kwenye ng'ombe." Akanifinya ubavuni kwa nguvu zake zote.

"Nyamaza," akasema kwenye kanga yake, "wewe umekufa."

Basi mama afisa akasimama kutoa neno. Hakunijua, hakuwahi kuniona, lakini alinisema vizuri jamani. Eti marehemu alikuwa mchapakazi. Eti alikuwa mtu wa watu, na pengo lake halitazibika. Nimekaa kwenye kikundi kile miaka na miaka, hakuna aliyewahi kuniita mchapakazi. Sauti yake ikakatika katikati, akapenga kamasi. Na mimi machozi yakanitoka, nikawa namlilia mtu huyo mzuri aliyekufa. Kisha akaweka bahasha kwenye sinia, akasema wanaomba ruhusa ya kuondoka. Nikasikia anatafuta viatu vyake.

Nikaamka. "Mama, usiondoke," nikasema, shuka bado iko kichwani. "Tupo."

Sitaeleza sana kilichotokea. Uwanja ulibaki mweupe. Waliokuja na kuni waliziacha, aliyekuja na mtoto alirudi baadaye kumchukua. Kijana wa utamaduni alipita kwenye uzio wa minyaa mahali ambapo hapakuwa na njia, na tangu siku hiyo pana njia. Mama afisa peke yake hakukimbia, si kwa ushujaa, miguu ndiyo iliyogoma. Alirudi nyuma, akajikwaa, akakaa ndani ya beseni la unga wa muhogo.

Mtu mwenye akili angekwenda kumwinua. Sisi tulikuwa na amri yetu. Shemeji yangu wa mchezo akaniona nimeamka, akadhani nimeruka kurasa, naye akaruka. Akasimama mbele ya yule mama aliyekaa kwenye unga, akaanza kudai ng'ombe mwenye mabaka kwamba ni wake. Kaka yangu akadai wote. Ngoma ikalia nyuma ya pazia. Ningefanya nini? Niliwatukana wote kama ilivyoandikwa, tangu mwanzo mpaka mwisho, na mama afisa akatazama mchezo mzima kwa sababu hakuna aliyempa mkono.

Ngoma iliponyamaza, akanikazia macho.

"Kwa hiyo wewe ni mzima."

"Mzima, mama. Shikamoo."

Akajipangusa unga. "Na hiki ndicho kikundi."

"Ndicho chenyewe, mama."

"Mimi nimelia," akasema. "Nimesimama mbele za watu nimemlilia mtu, kumbe yupo na tumbo lake ananisikiliza." Alikuwa na hasira kweli, na haki alikuwa nayo, nami niliona aibu. Fundi akatoka ndani na ile bahasha, akapiga magoti kumrudishia. Akaikataa. "Rambirambi hairudishwi. Si atakufa tu siku moja, mtamtumia."

Majirani wakarudi mmojammoja, kwanza vichwa, halafu miili. Walitutukana vizuri, lakini maji yalikuwa yameshachemka, na unga uliobaki safi ulitosha. Tukasonga ugali, mtu akaleta furu, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga, tukala matanga yangu. Mama afisa alikula amenikalia upande, asinione. Hela zikatoka robo iliyofuata. Wafuga nyuki nao nasikia walipewa, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa.

Mchezo wa kwanza wenye pazia letu jipya tuliucheza Butiama. Nilimtumia mama nauli nikijua hatakuja, akaja. Wakamkalisha mbele, karibu na mama afisa, aliyesema amekuja kikazi tu. Nikafa kama kawaida. Wanawake wakalia, na mle chini ya shuka nikasikia kilio kingine ambacho hakikuwa kwenye mazoezi, kinatokea viti vya mbele. Nikajua ni yule afisa tena. Kumbe yeye ndiye alikuwa anabembeleza.

"Usilie, mama," nilimsikia anasema. "Ni mzima huyo. Nimemkagua mimi mwenyewe."

"Najua ni mzima," mama yangu akamjibu, huku anavuta kamasi. "Lakini ona anavyokufa vizuri."