Mstari Mmoja wa Mama Kaswera

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na sisifu watu ovyo. Wanafunzi wangu wa zamani hapa Mangobo, mtaa wa Kisangani, watakuambia. Lakini jirani yangu Mama Kaswera ninamsifu kwa mdomo wazi.

Kazi yake ni kutunza antena. Iko juu ya paa la jengo la ghorofa mbili nyuma ya soko, na mchana kutwa inasikiliza jua, maana kumbe jua nalo lina sauti yake ya redio. Namba zinazopatikana husomwa na wanaastronomia wa nchi nyingi, watu ambao hawajawahi kukanyaga Kisangani. Hawaoni mvua yetu wala vumbi letu. Kwa hiyo kila asubuhi saa mbili Kaswera huwaandikia kwa simu hali ya kituo: nini kinafanya kazi, nini kimeharibika, nini kimesafishwa.

Kaswera ni mtoto wa duka, mzaliwa wa Butembo. Mama yake aliuza vitambaa, na kabla ya kutaja uzuri wa kitambaa alimwonyesha mteja pale uzi ulipokatika. Binti karithi tabia hiyo hiyo. Kila taarifa yake huanza na kasoro. "Nyigu wamejenga kwenye mlingoti. Nimewaondoa jana saa nne, wameniuma mkono mara mbili." Hata kuumwa kwake anaandika! Siku hiyo nilimcheka mpaka machozi. Wataalamu wa watu wana haja gani na mkono wake uliovimba?

"Papa Mwalimu," akanijibu, "kama mukono ilitetemeka na nikagusa waya, banapashwa kujua."

Nikanywa chai yangu.

Miaka sita hakuruka siku hata moja. Halafu akaruka mstari mmoja.

Ilikuwa Jumapili. Kisanduku kinachopitisha umeme wa paneli za jua kwenda kwenye betri kiliungua, naye akakimbia sokoni kununua kingine kabla ya misa ya komunyo ya kwanza ya mjukuu wake. Akakifunga, mashine zikawaka, akaenda kanisani. Jumatatu aliandika habari za mvua na kutu ya nyaya. Kisanduku akakisahau kabisa.

Wiki ile ile jua likaanza kupiga kelele kwenye redio ya kituo kila ilipokaribia adhuhuri. Siku ya mawingu lilinyamaza, siku ya jua kali likapiga tena. Watu wa mbali wakafurahi sana. Aliyefurahi kuwashinda wote alikuwa Grâce, mtoto wa hapa hapa Mangobo, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa anaandika tasnifu juu ya namba za antena hiyo. Kelele zile akazipa sura nzima. Wiki tatu zikapita, zikabaki siku kumi na mbili aitetee kazi yake mbele ya maprofesa.

Siku hiyo, Jumanne, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, Kaswera akachomoa paneli ili azioshe. Kelele zikakatika papo hapo redioni, na jua liko pale pale linatuunguza. Akachomeka, zikarudi. Akachomoa tena, kimya. Akaketi juu ya paa, akakumbuka kisanduku cha Jumapili ile.

Alimwita Timothée, fundi mkuu wa kituo. Mimi nilikuwepo, kwa sababu ndimi niliyepandisha ndoo ya pili ya maji.

"Mama, uache," Timothée alinong'ona. "Tubadilishe tu kisanduku, kelele itaisha. Batasema jua imetulia. Nani atajua?"

"Miye."

"Bon, na Grâce? Iko na siku kumi na mbili! Tena kama banajua ulisahau moja, batauliza ulisahau ngapi. Batatupa miaka yote sita. Kituo itafungwa, na kazi yako pamoja."

Nakiri, nilikuwa upande wa Timothée. Nilimwonea huruma yule mtoto. Kaswera akatoa simu, akaandika mbele yetu: "Kasoro. Wiki tatu zilizopita, Jumapili, nilibadilisha kisanduku cha betri na sikuandika. Kelele za adhuhuri ni zake, si za jua. Kosa ni langu." Akatuma. Kisha akaenda kwa miguu hadi kwa Grâce, amwambie mwenyewe uso kwa uso.

Grâce alilia mbele yake, akafunga mlango. Utetezi ukaahirishwa miezi minne. Wiki mbili nzima msichana alipita mlangoni kwa Kaswera bila salamu, na Kaswera hakula vizuri siku hizo. Jibu la wanaastronomia lilikuja siku ya tisa, mistari miwili tu: wiki tatu zile ziondolewe, kituo kiendelee, na taarifa ziendelee kuja vivyo hivyo.

Siku ya utetezi tulikaa nyuma kabisa, Kaswera ndani ya liputa yake, kitenge alichovaa kwenye komunyo ya mjukuu. Profesa mmoja, mtu mkavu kweli kweli, akauliza: "Mademoiselle, antena yako iko Mangobo, katikati ya vinu na wachomelea vyuma. Unajuaje kwamba namba zako ni za kweli?"

Grâce hakuandika fomula ubaoni. Alifungua taarifa za miaka sita, akatafuta ile ya Jumanne, akaisoma kwa sauti, polepole, mpaka "Kosa ni langu."

"Huyu," akasema, "ndiye anayetuandikia kila asubuhi."

Kaswera alikuwa ameinama kama anatafuta kitu chini ya benchi, machozi yakimdondoka, na mkono wangu ameushika hadi unauma. Profesa akafunua ukurasa, akasema tupite kwenye swali linalofuata.