Spika za Rangi ya Ufizi

Wifi yangu alinipigia simu mchana, nikiwa naanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa limefunga.

"Wifi, njoo. Kaka yako namwita kula, haitiki."

"Mvue hayo madude masikioni," nikamwambia, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni.

Akasema, "Nimeshamvua."

Ndivyo nilivyopata habari. Nguo niliziacha pale pale kwenye kamba.

Katika nyumba ile, kumwita kaka yangu na asiitike halikuwa jambo la kumshtua mtu. Wifi alikuwa amemwita kama kawaida, akafunika chakula kama kawaida, akaendelea kufagia huku akimsema kama kawaida. Mpaka leo kinachomchoma ni kwamba neno la mwisho alilomwambia mumewe lilikuwa, "Kitapoa, na mimi sipashi."

"Hakukusikia, wifi," nilimfariji.

"Hiyo ndiyo ndoa yetu yote," akanijibu. Tukacheka, halafu kicheko kikageuka kilio.

Daktari alisema ni moyo. Mchungaji akaniomba niandike wasifu wa kusomwa kanisani, nikauandika: alizaliwa, akasoma, akaoa, akampenda Bwana. Yote kweli. Lakini ukiusoma ule utadhani tulimzika mtu mwingine, ndiyo maana naandika na huu.

Kaka alikuwa fundi wa meno ya bandia. Mtaani alijulikana kama Meno, ingawa ya kwake yalikuwa yamepukutika na hakuwahi kupata nafasi ya kujitengenezea mengine. Jumapili alikaa nyuma kabisa kanisani, kwenye meza ya mitambo ya sauti, amevaa hedifoni. Kazi ile ina mzigo wake. Mwenye kuifanya anaweza kumsikia kila mwimbaji peke yake, kama daktari anavyomsikiliza mgonjwa kifua. Sisi wengine tulisikia spika tu, na spika zetu, tumshukuru Mungu, ni kubwa. Kila kwaya ilipozidi kuharibika, kamati ilileta kubwa zaidi.

"Hawasikiani," kaka alikuwa akilalamika mezani. "Kila mtu anasikia spika iliyomwelekea. Sauti ya kwanza wanapanda mlima, besi wanateremka bondeni, wanakuja kukutana kwenye Amina."

"Lakini watu wanabarikiwa," wifi akamwambia.

"Wanabarikiwa na kelele."

Alijaribu kumweleza mwalimu wa kwaya, mtu wa suti nyeupe aliyeongoza macho yakiwa yamefumbwa. Mwalimu akamshika bega kwa upendo. "Fundi, wewe shughulika na nyaya. Upako niachie mimi."

Kuanzia siku ile kaka alitaka jambo moja tu duniani: kwaya yetu isikie inachoimba, walau wimbo mmoja, kabla yeye hajafa. Aliliombea. Nilimsikia mwenyewe akiliombea, kati ya afya ya mama yetu na mvua.

Ndipo alipoona kwenye simu waimbaji wa mbali wamevaa spika ndogo ndani ya masikio, kila moja imechongwa kwa umbo la sikio la mwenyewe. Mtu mwingine angetafuta pa kuziagiza. Kaka alizitazama akacheka.

"Hii ni kazi yangu hii! Sikio ni kinywa tu kisicho na meno."

Kwanza alichukua chapa ya sikio la mkewe. Alimkalisha kitini, akasukuma pamba yenye uzi ndani ya tundu ili kulinda ngoma ya sikio, kisha akajaza ule ujiuji anaotumia kuchukua chapa za vinywa. Unatakiwa utulie usisogeze taya mpaka ugande. "Leo amenyamaza bila kununa," kaka alinisimulia kwa furaha, na nadhani ndipo alipoipenda kazi ile moja kwa moja. Baada ya wifi alinikamata mimi. Baada yangu, mtu yeyote aliyekuja kusalimia. Fundi bomba alikuja kuziba bomba, akatoka na uji masikioni, bomba bado linavuja. Masikio ya plasta yakajaa dirishani, na jina la Meno likafa. Mtaa mzima ukaanza kumwita Masikio.

Kutoka kwenye chapa alipata ganda, na ndani ya ganda aliweka vispika vidogo kama punje za mchele, akaviunganisha kwa nyaya nyembamba kama nywele, akishika pasi ya kulehemu huku amebana pumzi. Jozi ya kwanza alizigeuza nyaya za upande mmoja. Sauti ikawa kama inatoka kisogoni, naye akawa anageukageuka chumbani.

"Unamtafuta nani?" wifi akamuuliza.

"Mpiga kinanda."

Jozi zilizofuata zilikuwa nzuri kweli. Nilivaa, nikasikia kinanda kana kwamba nimekaa ndani yake, na mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba. Kasoro ilikuwa moja. Kaka alitumia plastiki aliyoizoea, ile ya kushikia meno ya bandia, kwa hiyo spika zake zote zilikuwa za pinki, zinang'aa, zina hata vile vimishipa vyekundu vinavyowekwa ili zifanane na nyama.

Mwalimu wa kwaya alizitazama kwa muda mrefu. "Fundi, mimi siwezi kusimama madhabahuni na ufizi masikioni."

Lakini Mchungaji alijaribu, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema "Haleluya" kwa ukaribu ambao hakuwahi kuufikia, na papo hapo akatambua kwamba kazi hii imetoka kwa Bwana. Kamati ikapitisha. Viongozi wa kila sauti wakatengenezewa za kwao. Kati ya viongozi, mwalimu peke yake ndiye aliyebaki na masikio matupu.

Kabla ya Jumapili ya kwanza, walimfuata kaka mmoja mmoja. Mama Sauti ya Kwanza, ambaye ndiye anayeanzisha nyimbo zote, alimvuta pembeni. "Fundi, mimi niongeze kidogo. Sijisikii vizuri mle ndani." Mzee wa besi naye: "Nipandishe, kijana wangu, hawa akina mama wananifunika." Wote walitaka hilohilo, na wote walimwomba asiwaambie wenzake. Kaka akawapa walichotaka.

Ilikuwa ibada ya ajabu. Kila mmoja alisikia sauti yake tu, akaipenda, akaifuata ilikokwenda. Waliimba kwa uhuru mkubwa, kila mtu katika wimbo wake. Watu walisimama, wengine walilia. Mchungaji akapanda akasema, "Leo Roho ametutembelea kwa namna ya pekee!" Nami niliitikia Amina, Mungu anisamehe, maana nilikuwa nimesimama karibu na spika.

Kaka alirudi nyumbani akakataa kula.

Jumapili iliyofuata alifanya kinyume, na hakumwambia mtu. Kila kiongozi wa sauti alimpunguzia sauti yake, akampandishia za wenzake. Ubeti wa pili, Mama Sauti ya Kwanza akaacha mdomo wazi, akawatazama wenzake kama mtu aliyeamka kwenye nyumba isiyo yake. Mzee wa besi akachomoa ufizi wake. Waliumaliza wimbo kwa kupiga makofi.

Waliitana ofisini kabla hata kapu la sadaka halijaondolewa. Nilikuwepo, nagawa chai.

"Fundi, umetuharibia sauti," alianza Mama Sauti ya Kwanza.

"Sijagusa sauti, mama. Nimewafungulia tu mlango."

"Mimi nimemsikia besi yuko nje ya wimbo kabisa!"

"Na mimi nimekusikia wewe, mama," akasema Mzee wa besi. "Ulikuwa juu ya paa."

"Nani? Mimi?"

"Ndugu zangu," mwalimu akainua mkono, "ni dhahiri hii mitambo ina hitilafu."

Wote wakakubali mara moja, kwa sauti moja. Walikuwa hawajawahi kupatana vile. Kaka akaambiwa apumzike kidogo huduma ya mitambo, atunze afya yake, na akapewa asante ya kusimamiwa na kanisa zima.

Sitasema alionewa tu. Nilimwambia jioni ile, "Kaka, ungewaeleza kwanza."

"Wangekataa."

"Basi ukawatega. Kanisani."

Neno lile lilimkaa. Alikwenda kwa Mama Sauti ya Kwanza kumwomba radhi, naye akamsamehe vizuri kabisa, akamkaribisha chai, akamrudishia ufizi wake ukiwa umefungwa kwenye karatasi ya chooni.

Baada ya hapo aliendelea kutengeneza nyumbani, jozi juu ya jozi, kila mpya safi kuliko iliyotangulia, akiwa hana wa kumvisha. Wifi aliita akachoka kuita. Siku ile alipomvua, simu ilikuwa bado inacheza. Aliweka spika moja sikioni mwake ajue ni nini. Ilikuwa rekodi ya kwaya yetu, ile Jumapili ya kila mtu na wimbo wake.

"Amekufa akiwasikiliza hawa?" aliniuliza. "Angalau angekuwa na muziki."

Wanakamati walikuja kutufariji, na mpango ulikuwa tayari. Spika zote zitapelekwa makaburini, jenereta imepatikana, na kwa kumuenzi marehemu, viongozi wa sauti watavaa vifaa vyake. Mwalimu wa kwaya alijipiga kifua. "Hata mimi nitavaa, shemeji. Rangi yoyote."

"Hapana," wifi akasema.

"Shemeji, ni heshima yake."

"Mume wangu alikuwa anataka msikilizane. Hakutaka jenereta. Mtamwimbia kwa midomo."

"Lakini pale nje, bila spika, watu wa nyuma hawatasikia."

"Wa nyuma wasogee mbele."

Mwalimu alinigeukia mimi, labda nitamtuliza wifi yangu. Nikamwongezea chai.

Tulimzika siku iliyofuata, jua likiwa kali. Mchungaji alisoma Neno, akasema mema, akakohoa pale alipozoea kuongezewa sauti. Kisha akaipa kwaya nafasi.

Mama Sauti ya Kwanza alianzisha, juu kabisa kama siku zote. Hakukuwa na kitu cha kumfunika. Besi wakaingia kwa chini, mbali naye, na sote tuliokuwa pale tukasikia, watoto nao wakasikia. Katikati ya mstari akanyamaza. Wenzake wakanyamaza pia. Miaka yote ile sikuwahi kuiona kwaya yetu ikiacha wimbo njiani.

Mwalimu alifumbua macho. "Sogeleaneni," akasema kwa sauti ndogo. Wakasogeleana mpaka mabega yakagusana. Aliwapa sauti kwa mdomo uliofungwa, chini kuliko ile ya kwanza. Mama Sauti ya Kwanza aliinamisha kichwa upande wa Mzee wa besi, akamsikiliza, kisha akaanza upya. Waliimba taratibu mpaka mwisho. Wifi alikuwa amenishika mkono, na aliacha kuubana walipofika kwenye kiitikio.

Wanaume waliteremsha jeneza kwa kamba. Wifi alitupa udongo wa kwanza, nikafuata mimi, wakafuata ndugu na wanakwaya. Makoleo yalipokezanwa mpaka kaburi likajaa, akina mama wakapanga maua juu yake. Mchungaji akatoa baraka, tukaitikia Amina, tukaondoka.