Lasmirah Anampita Mama Yake

Lasmirah wa Klaten, kule Java, Indonesia, alikuwa na miaka arobaini na sita, mpishi katika jiko la hospitali, na kwa kupika hakuwa na mpinzani. Mpe kilo thelathini za mchele na kapu la tempe, ile mikate ya soya iliyochachushwa, ukirudi adhuhuri wagonjwa wameshashiba. Lakini miaka kumi na tisa yote alikuwa kibarua tu, na sasa wakubwa wakaleta amri yao: asiye na cheti cha sekondari ifikapo Desemba, aage. Cheti! Kana kwamba uji huuliza aliyeukoroga kasoma wapi.

Basi akajiandikisha masomo ya watu wazima, kila alasiri katika ukumbi wa kijiji. Hesabu alizimudu, historia akaikariri. Kilichomtoa jasho ni Kiingereza, hasa yale maswali ya kupanga: unapewa sentensi iliyovurugwa, maneno yametupwa ovyo, uyarudishe kwenye mstari wake. Mwalimu wao, Danang, kijana wa miaka ishirini na minne, alimwandikia maneno kwenye vipande vya kadibodi ayapange mezani.

Ajabu ni kwamba nyingi alizipata. Paka amekula samaki, sawa. Mvua ilinyesha jana, sawa. Ikija yenye "mimi", balaa. Siku moja alipewa vipande vya kusema kwamba mimi nilimwona mama sokoni. Akamweka mama mbele, soko katikati, na "mimi" akamsukuma hadi ukingoni mwa meza.

"Bu Lasmirah, umepanga nini hapa?" Danang akauliza, kwa ule "Bu" wetu wa kumheshimu mama mtu mzima.

"Nimepanga ulivyosema, mwalimu."

"Mama ndiye kakuona wewe?"

"Hapana, mimi nilimwona."

"Sasa mbona 'mimi' yuko mkiani?"

"Jamani mwalimu! Nimtangulie mama? Si ataniona sina adabu?"

Darasa likaangua kicheko. Jirani yake Sutinah, muuza kuku, akamchokoza: "We Lasmi, kwani mama yako anajua Kiingereza?"

"Hajui. Ila mbele na nyuma anapajua."

Danang alieleza weee, mpaka koo likamkauka, kwamba Kiingereza hakijali mkubwa wala mdogo, mtendaji ndiye anayetangulia. Lasmirah aliitikia kila neno, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, kisha akapanga vilevile. Wala hakuwa mbishi. Akili ilikubali, mkono ukagoma. Huyu ni mwanamke aliyekula wa mwisho tangu utotoni, aliyeacha shule ili kaka zake waendelee, na hakuna aliyemlazimisha. Sijui kwa nini sisi tunaita hiyo tabia njema, lakini ndivyo tunavyoita. Mimi inaniudhi.

Siku ya mtihani, msimamizi alikuwa Pak Suroto, "Pak" ndiyo Bwana kwetu, mwalimu mstaafu, mzee mkali asiyetaka hata kikohozi. Lasmirah alikwenda vizuri mpaka namba thelathini na moja. Mimi, mama, kusoma, nilimfundisha. Akaduwaa. Pa kumweka "mimi" alipajua, maana Danang alimwimbia miezi sita. Alijua pia kwamba akikosa hapo na maswali manne yanayofuata, kazi imekwenda. Kalamu ikapanda, ikashuka, ikapanda tena.

Akaandika "mimi" mwanzoni. Papo hapo, bila kufikiri, akainamisha kichwa na bega, mkono wa kulia ukashuka karibu na sakafu, jinsi sisi watu wa Java tunavyofanya tukipita mbele ya wakubwa waliokaa.

"Wewe!" Pak Suroto alifika na kumpokonya karatasi. "Unachungulia nini chini ya meza?"

"Hakuna kitu, Pak."

"Kikaratasi kiko wapi? Uliinama kufanya nini?"

"Nilikuwa napita."

"Unapita vipi nawe umekaa?"

Watu wote walikuwa wakimtazama. Lasmirah alitamani ardhi immeze. "Nimepita mbele ya mama, Pak. Hapo kwenye thelathini na moja. Nimemtangulia, nikaona nimwombe radhi."

Mzee akaisoma ile sentensi. Akaisoma tena. Kisha akairudisha karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Zimebaki dakika nane, Bu," alisema taratibu.

Akaenda dirishani, akalipa darasa mgongo. Maswali manne yaliyobaki yote yalikuwa na "mimi". Lasmirah akainama mara nne, na Pak Suroto hakugeuka hata mara moja.

Pasi ilikuwa hamsini na tano. Alipata hamsini na saba. Danang alimpigia simu jikoni, akapayuka, "Bu, umefaulu! Kazi ni yako!"

"Alhamdulillahi," alisema Lasmirah. "Na wenzangu je?"

"Wenzako baadaye! Nasema wewe, Bu. Wewe!"

Lasmirah, simu sikioni, akainamisha kichwa na bega, na mkono wenye mwiko ukashuka karibu na sakafu.