Theluji Juu ya Sola

Shakib alikuwa mwoga, na kijiji kizima cha Ain Haur kilijua. Kwa miaka arobaini alikuwa kinyozi, na wembe wake haukuwahi kumkwaruza mtu shingo. Lakini ukimwambia apande kwenye kiti abadilishe balbu, mikono ile ile ilianza kutetemeka. Akiwa na miaka kumi na tisa alianguka kutoka juu ya mti wa jozi, akalala chini kwenye mawe tangu asubuhi mpaka adhuhuri kabla mtu hajapita. Nyonga ilipona vibaya. Tangu hapo alitembea akichechemea, na hakupanda kitu tena.

Mkewe Wadad hakuwa mtu wa kuogopa. Alioka mkate katika tanuri la kijiji kwa miaka thelathini, akivuta moshi mchana kutwa, mpaka mapafu yakachoka. Daktari wa Tripoli, mji wa pwani ya Lebanon chini ya milima yao, akasema awe na oksijeni saa zote. Wakaleta mashine, sanduku jeupe linalonguruma kama paka mkubwa, na mpira mwembamba unaoingia puani. Mashine ile inataka umeme bila kukatika, na umeme wa Lebanon kila mtu anaujua. Ndipo kijana wao Nasri, alipokuja kutoka Australia, akawafungia sola: paneli nane, inveta ukutani jikoni, na betri ya lithiamu chini yake.

Paneli ziliwekwa mahali pabaya kuliko pote kwa mtu kama Shakib. Nyumba yao ilikuwa na ghorofa ya pili isiyomalizika, ile ambayo Nasri angeijenga siku atakayooa: nguzo tupu, nondo zimechomoza, na juu yake zege. Kutoka kwenye nguzo zile unapanda ngazi ya chuma, vipago kumi na viwili, unatokea kwenye zege lisilo na ukingo. Huko ndiko fundi alikofunga fremu, safu mbili za paneli zilizoinamia kusini, na mbele yake pakabaki hatua mbili tu kabla ya bonde. Majirani wenye miguu mizima ndio waliokuwa wakipanda kuzipangusa.

Mwaka ule majirani wenye miguu waliteremka pwani mapema kukimbia baridi. Wadad alikataa kwenda. "Nikafie kwenye sebule ya dada yangu?" alisema. "Mimi nina jiko langu la kuni na nina paka wangu wa oksijeni. Nendeni nyinyi."

Theluji ilianza Jumanne. Jumatano waya wa serikali ulikatika chini ya kijiji. Alhamisi jenereta la kijiji likazimika kwa kukosa dizeli, maana barabara ilikuwa imezikwa. Shakib alizima friji, akazima pampu, akazima intaneti, akasimamisha hata saa ya ukutani, ambayo ilitumia betri yake ndogo na haikuhusika kabisa. Kila baada ya dakika kumi alikwenda jikoni kutazama kioo cha inveta.

"Ngapi?" Wadad aliuliza alfajiri ya Ijumaa, kutoka kitandani kwake karibu na jiko la kuni.

"Sitini," Shakib alijibu.

Ilikuwa thelathini na nane.

Saa mbili asubuhi inveta ilianza kulia, mlio mkali wa kukatakata. Kioo kilisema asilimia ishirini na nne. Theluji ilikuwa imekoma, lakini paneli zilikuwa zimefunikwa, hazileti kitu. Shakib alishika meza. Alijua hesabu ile kwa moyo: betri ikifika kumi, inveta inajizima yenyewe. Hiyo ni kama saa mbili kutoka sasa. Halafu kuna mtungi mdogo wa akiba, unaotosha kwa saa tano. Saa tisa alasiri, jua likiwa bado juu, pumzi ya Wadad ingekwisha.

Alipiga simu kwa waokoaji. Sauti ya kijana mchovu ikamwambia tingatinga la kufungua barabara limekwama huko chini, wajaribu kuvumilia mpaka kesho.

"Kesho!" Shakib alisema. "Mwanangu, wewe unavumilia kupumua mpaka kesho?"

Shakib akampigia Adla.

Adla alikuwa jirani pekee aliyebaki upande ule, mjane wa miaka sabini na mbili, mwembamba, mwenye ulimi ambao hata padri aliuepuka. Alikuja akipasua theluji kwa koleo, amevaa suruali ya marehemu mumewe chini ya gauni, na kamba ya kufungia mbuzi begani.

"Haya, Baba Nasri," alisema mlangoni. "Fagio liko wapi?"

"Adla, mimi siwezi."

"Najua huwezi. Nimeuliza fagio."

Walipanda ghorofa ya juu. Upepo ulipita kati ya nguzo ukiwa na meno. Adla alimfunga Shakib kamba kiunoni, akafunga ncha nyingine kwenye nguzo, akavuta mara mbili kuipima. Shakib alipanda kipago cha kwanza, cha pili, cha tatu. Chuma kilikuwa na barafu na kilinata kwenye glovu zake. Kwenye kipago cha tano alitazama chini, na mwili wake ukakataa. Mwili tu, kama punda. Alishuka kwa kujiburuza, akatapika pembeni ya nguzo.

"Mama Maria wee," alisema Adla. "Mwanamume mzima na ndevu zake."

"Nicheke. Nicheke tu."

Adla hakucheka. Alichukua fagio, akapachika gauni lake kiunoni na kuweka mguu kwenye ngazi.

"Unafanya nini?"

"Nampandia Wadad. Aliwahi kunilishia watoto wangu mkate mwaka mzima bila kunisimanga."

"Adla, shuka! Mifupa yako hiyo!"

"Basi panda wewe. Mmoja wetu lazima apande, na mimi naona jina langu ndilo lililotoka."

Shakib alimshika kiuno akamshusha, akalichukua fagio. Siku ile hakupata ujasiri. Hakuwahi kusema aliupata. Alisema tu kwamba alifumba macho akahesabu vipago. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kisha kifua chake kikagusa theluji juu ya zege, na alikaa pale amelala kifudifudi, mashavu yamezama kwenye baridi, akisikia moyo wake ukigonga zege.

Alitambaa kwa tumbo mpaka mbele ya fremu. Kufagia kwa nyuma hakukuwezekana, fremu ilimpita urefu. Hapo mbele, bonde lilikuwa mgongoni kwake, na alilihisi kama mtu anavyohisi mtu mwingine amesimama nyuma yake. Alipiga magoti, akaanza kuvuta theluji ya safu ya chini kwa fagio. Paneli ya kwanza ikaonyesha weusi wake. Ya pili. Ya tatu. Mikono ilimtetemeka mpaka fagio likagonga fremu, ta-ta-ta-ta, na Adla chini akauliza anapiga ngoma au anafanya kazi.

Alipomaliza ya nne, theluji ya safu ya juu iliachia.

Ilikuja yote kwa pamoja, bila sauti kubwa, pande zito kama godoro lililolowa. Ilimpiga kifuani ikamsukuma nyuma. Fagio liliruka, na hakusikia likitua. Miguu yake ilikosa zege. Kisha kamba ikambana tumbo, ikamkata pumzi, na akajikuta ameukumbatia mguu wa fremu, buti moja likining'inia hewani.

"Shakib!" Adla alipiga kelele. "Shakib, sema kitu! Hata tusi!"

Hakuweza. Alivuta mguu ndani, akafunga mikono kuzunguka chuma kile, na hapo akabaki. Adla alimwita, alimtukana, alimwomba. Dakika zilipita na vidole vyake vikafa ganzi. Alijua ngazi iko hatua sita kutoka pale, na alijua hatafika. Alifikiria kwamba Wadad atakufa chini yake, na yeye hapa juu, wametenganishwa na mazege mawili.

Simu ikalia mfukoni.

Alivua glovu kwa meno, akaitoa simu kwa mkono mmoja. Ilikuwa Wadad. Aliongea kama alivyoongea siku zote, maneno matatu kisha pumzi.

"Shakib. Ile kelele... ya jikoni... imenyamaza."

"Imejizima? Wadad, mtungi uko kulia kwako, fungua—"

"Acha kupayuka. Paka ananguruma... bado. Nimejikokota... mpaka kwenye kioo. Kuna mshale... unaingia kwenye betri."

Shakib aliinua uso kwa mara ya kwanza. Mawingu yalikuwa yamepasuka juu ya kilele, na jua lilikuwa limetoka zima, likipiga kwenye theluji na kurudi kwenye paneli mpaka macho yakauma.

"Na inasema... kumi na moja," Wadad aliendelea. "Siyo sitini... mwongo wewe."

"Wadad, siwezi kushuka."

Akamsikia akipumua. Wadad hakumwambia asiogope.

"Mguu gani... uko karibu na ngazi?"

"Wa kulia. Ule mbovu."

"Usogeze huo. Shubiri moja. Umesogeza?"

"Nimesogeza."

"Sasa tumbo."

Hivyo ndivyo alivyorudi, shubiri kwa shubiri, simu ikiwa kwenye theluji mbele ya uso wake, akiivuta kila aliposogea. Mara mbili Wadad alilazimika kunyamaza kutafuta pumzi, na katika kimya hicho Shakib aliganda mpaka sauti iliporudi. Adla alipanda ngazi, akamshika vifundo vya miguu alipoviteremsha, akaviweka kwenye kila kipago kwa mkono wake. Walipofika chini wote wawili walikaa kwenye theluji, na Adla akalia, kitu ambacho hakukifanya hata kwenye mazishi ya mumewe.

Jioni kioo kilisema sabini na nane. Betri na mtungi vilitosha usiku huo, na Jumamosi saa nne asubuhi tingatinga likafika kanisani.

Waliteremka Tripoli siku hiyo hiyo. Wadad ndiye aliyeamua. Dada yake aliishi ghorofa ya tano, na mlimani walirudi mwezi wa nne tu. Kwa miezi yote hiyo Shakib hakukanyaga roshani. Mchana, mashine ikibadilisha mngurumo hata kidogo, aliacha kikombe chake cha kahawa na kwenda kusimama mlangoni kwa Wadad, akilitazama blanketi likipanda na kushuka, mpaka Wadad, bila kufumbua macho, aseme, "Nipo. Kanywe kahawa yako."