Hamira Kwenye Mizizi ya Mkorosho

Nikiona pakiti ya hamira dukani naona haya mpaka leo. Nyumbani wanadhani sipendi kupika. Acha wadhani hivyo.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, mzaliwa wa Changamwe wa wazazi waliotoka bara, na utafiti wangu ulikuwa kujua ni kuvu gani zinazoishi ndani ya mizizi ya mikorosho ya Likoni. Kuvu hizo husaidia mti kunywa maji, nao mti huzilisha. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Inabidi ukate vijizizi, uvisage maabara, utoe vinasaba, mashine ivisome, kisha ulinganishe na vilivyokwisha kujulikana. Sharti la kwanza la kazi hiyo ni kuvaa glavu.

Bibi mmoja mwenye shamba, ambaye ukoo wake umelima pale miaka na miaka, nilimkuta asubuhi anakata mahamri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, na kabla sijatua begi vizuri nikawa nasukuma unga pamoja naye. Tulipomaliza nikatoa glavu. Akacheka.

"Ah! Leo mikono yetu ina najisi?"

Alikuwa akinitania tu, lakini mimi, mtoto wa watu wa bara niliyekuwa nikitaka sana kupendwa na wenyeji, nikazirudisha begini. Nikafuta mikono kwa leso, nikaenda kuchimba. Yeye akasimama kando.

"Mie nisiguse, sivyo?"

"Usiguse, bibi."

Na hakugusa, hata jani.

Majibu ya maabara yalipotoka, mizizi ya shamba lake ilionekana imejaa hamira, ambayo nayo ni kuvu, ile ile ya mahamri. Msimamizi wangu akauliza mbele ya wenzangu ni nani aliyeshika sampuli bila glavu. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema ni mimi. Nikasema, "Mwenye shamba. Nilimkataza, akashika."

Basi shamba lake likaondolewa kwenye utafiti. Mikorosho yake ilikuwa ikikauka mmoja baada ya mwingine, na tulikuwa tumemwahidi miche iliyooteshwa pamoja na kuvu zinazofaa. Alikuwa ameshafyeka magugu na kuchimba mashimo kwa jembe lake mwenyewe. Miche hiyo sasa ilikuwa inakwenda kwa mtu mwingine, na msimamizi akanituma mimi nikamwambie.

Nilivuka feri nikijiapiza kwamba nitasema kweli. Nilimkuta anang'oa nyasi zilizoanza kuota ndani ya mashimo. Nikaanza kumweleza kwa maneno ya kisomi, yale ya kujifichia: kwamba sampuli zilichafuka, kwamba zilishikwa na mikono yenye hamira, kwamba kwa hiyo miche haitakuja. Sikusema mikono ya nani. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine la kujiita.

Akakaa ukingoni mwa shimo.

"Basi n'mevuruga mwenyewe," akasema. "Labda niligusa nikasahau, uzee huu. Na masomo yako nimekuharibia. Nisamehe, mwanangu."

Nikamwambia asijali, nimemsamehe.