Mtikisaji wa Mipichi

Kwetu Beijing, machipuko huja kama mgeni aliyeacha teksi ikimsubiri mlangoni. Hajamaliza hata kikombe cha chai, keshaaga, na joto limeshaingia na viatu vyake mpaka sebuleni. Kwa hiyo katika wiki hizo chache kila mtu ana shughuli: kupanga foleni ya vichipukizi vya kukaangia mayai, kurusha vishada, kupiga chafya kwa sababu ya zile pamba za miti ya mipopla zinazoelea mpaka ndani ya supu. Lakini wastaafu, ambao ndio wenye mji, wana shughuli moja inayozizidi zote. Wanakwenda bustanini kupigwa picha na maua.

Bi Miao Suyun, jirani yangu wa ghorofa ya tatu, alikuwa bingwa wa shughuli hiyo, na hakuna picha hata moja inayomwonyesha.

Ilikuwa hivi. Mwanamke aliyestaafu hawezi kusimama tu chini ya mpichi akacheka. Anatakiwa atupe mtandio hewani, aweke mkono shavuni, atazame mbali kama anayemngoja mpenzi aliyekwenda vitani, ilhali mpenzi mwenyewe yuko benchini anatafuna mbegu za alizeti. Juu ya yote hayo lazima maua yamwangukie kama mvua. Maua nayo hayaanguki kwa kuombwa. Lazima mtu ajifiche nyuma ya shina atikise. Akitikisa mno, tawi linavunjika na mlinzi anakuja. Akitikisa kwa aibu, yanadondoka mawili matatu, na kwenye picha yanaonekana kama mba.

Suyun alikuwa amemaliza ujana wake katika kiwanda cha magodoro, akipiga pamba. Mikono yake ilijua kipimo. Aliutikisa mti mara moja, na mvua ikanyesha kwa muda ule ule ambao mtu anaweza kutabasamu bila mashavu kuanza kutetemeka. Ndiyo maana kila mwaka walimweka nyuma. Pichani utamwona Bi Bai Cuilan katikati ya neema ya waridi, mtandio mwekundu unapepea, na pembeni kabisa vidole vinne vimekamata shina. Hivyo vidole ndivyo Suyun.

Mwaka huu binti yake aliyeolewa Shenzhen alikaribia kujifungua, na Suyun akaitwa kulea, kama wanavyoitwa mabibi wote wa nchi hii, bila kuulizwa kama wana mipango. Treni ilikuwa Jumamosi. Alikwisha kufunga mtungi wa mchuzi wa maharage, kwa sababu kusini, kwa mujibu wake, watu wanakula maji ya moto. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: picha yake mwenyewe chini ya ile mvua. Ijumaa asubuhi watabiri wakatangaza kwamba upepo wa mchanga ungefika jioni. Mpichi haungebaki na ua hata moja. Kwa hiyo ilikuwa leo, au angekwenda kusini na vidole vyake.

Kundi lilikutana chini ya mpichi mkongwe kando ya ziwa. Mzee Tong, mpiga picha wao, alikuwa tayari amepiga goti, lenzi yake ndefu kama chupa ya chai.

"Haya shoga, ingia nyuma," Cuilan alisema, akijifunga mtandio.

"Leo siingii."

"Mgongo unauma?"

"Mgongo mzima. Leo nasimama mbele."

Wakamtazama kama abiria wanavyomtazama dereva wa basi aliyekuja kukaa nao siti ya nyuma.

"Na nani atatikisa?"

"Wewe una mikono miwili. Nimeiona kwenye picha zako zote."

Mzee Tong alicheka, kisha akakigeuza kicheko kuwa kikohozi, maana Cuilan alikuwa mwalimu wa hesabu, na mpaka leo akikukazia macho unahisi umekosea jibu.

Cuilan akaenda nyuma ya mti, akaugusa kwa ncha za vidole kama anayepima pasi imepata moto. Likadondoka ua moja.

"Imetosha?"

"Cuilan, huo ni mti, si mgonjwa."

Wengine wanne wakajaribu. Mmoja aliogopa wadudu, mwingine kuvunja kucha. Mumewe Suyun, Mzee Gao, aliinua mkono kule benchini.

"Mimi mgongo."

"Nani kakuuliza?"

"Nimewahi tu."

Cuilan akalegeza sauti. "Sikiliza, dada. Utikise sisi tupigwe kwanza, halafu yako ya mwisho, kwa utulivu."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo. Ikifika ya mwisho mwanga umekwenda na Mzee Tong kaenda kunywa uji."

"Kwa hiyo umegoma?"

"Nimegoma."

Miaka yote ya vumbi la pamba hakuwahi kumgomea meneja hata dakika moja. Akaja kuugomea mpichi.

Upande wa kaskazini mbingu ilianza kuwa na rangi ya chai iliyolala. Suyun akaiona. Akaegemeza mgongo kwenye shina, akatupa mtandio wake wa kijani juu, akarusha kisigino nyuma kama punda aliyechoka kudharauliwa.

"Piga, Tong."

Mvua ikanyesha. Tong akapiga. Na kipaza sauti kikaunguruma kutoka njiani:

"Mama wa mtandio wa kijani. Simama hapo hapo."

Alikuwa Duan, mlinzi wa bustani. Wanawake wenye magoti yaliyo kwenye matibabu walitoweka kwa kasi ambayo daktari wao angependa kuiona. Mzee Gao akaanza kuwachunguza bata.

Duan alifika, akamtazama Suyun kuanzia nywele mpaka kisigino.

"Kumbe ni wewe. Miaka yote naona mikono tu, nikifika hamna mtu."

"Basi sura ndiyo hii. Umeridhika?"

"Nilidhani ni mwanamume."

"Asante."

"Sheria inasema picha ya kutikisa mti inafutwa mbele ya mlinzi."

Mzee Tong aliikumbatia kamera. Ndipo Cuilan akatokea nyuma ya choo, ambako angeweza kabisa kubaki.

"Kaka Duan, mwenzetu anaondoka kesho. Anakwenda Shenzhen kulea mjukuu."

"Atarudi lini?"

"Mtoto akianza shule," alisema Suyun.

Duan akakizungusha kipaza sauti mkononi. "Huko wana mipichi?"

"Sijui. Wanasema maua yanachanua mwaka mzima."

"Mwaka mzima," Duan alisema kwa huruma. "Sasa yana faida gani? Hebu lete hiyo picha."

Wakainama wote juu ya kioo cha kamera. Suyun alikuwa amenyanyua mguu, mdomo wazi, maua kila mahali.

"Futa," alisema Duan.

"Kaka Duan..."

"Nimesema futa. Kafumba macho, yote mawili."

Mzee Tong akafuta. Suyun akaanza kuukunja mtandio, kwanza nusu, kisha robo, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuangaliwa usoni. Duan akavaa kofia yake vizuri.

"Mimi nakwenda upande wa mashua," alisema. "Kule kuna watu wana tabia mbaya sana. Kwenda na kurudi inachukua muda."

Akawasha kipaza sauti. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikaanza kuimba: wageni wapendwa, tafadhali msitikise miti. Akaondoka nayo polepole, amewapa mgongo.

Ilimchukua Suyun muda kuelewa. Cuilan alielewa kabla yake. Alivua bangili, akamtupia Mzee Gao, akalikumbatia shina kwa mikono yote miwili.

"Nielekeze."

"Kama unapiga godoro."

"Sijawahi kupiga godoro."

"Basi kama mwanafunzi aliyesema saba mara nane ni hamsini na nne."

Cuilan alitikisa. Enyi watu, alitikisa mwalimu yule. Wale wanne wakaja mbio wakashika palipobaki, hata Mzee Gao akaacha bata akasukuma kwa bega lile lile lenye mgongo mbovu. Maua yakamwagika mpaka Suyun akatoweka, kikabaki kipande cha kijani kinachopepea.

"Fumbua macho, we mwanamke," alinguruma Mzee Tong.

Akafumbua. Kule mbali sauti ilikuwa bado inawasihi wageni wapendwa, na Duan hakugeuka.

Jioni upepo ukafika, ukamaliza kazi. Mzee Tong aliniambia kwamba alijitolea kuirekebisha ile picha kwenye simu: kulainisha ngozi, kupunguza macho, maana yalikuwa yamekodoka kama ya mtu aliyeonyeshwa bili ya umeme. Suyun alimwambia asiguse kitu.